Kwa Nini Mashine ya Kusaga Hutikisika, na Jinsi Pistoni Mbili Zinavyotulizana



Kila mtu aliyepata kukaa Nakivale aujua mlio wa mashine ya kusaga. Asubuhi na mapema, ukungu ungali umelala juu ya ziwa, mlio huo huanza, tu-tu-tu-tu, na akina mama hujua kwamba ni wakati wa kujitwisha mahindi. Makazi haya ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1958, yakatangazwa rasmi mwaka 1960. Waliofika kwanza walitoka Rwanda. Baadaye wakaja watu wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Lugha zetu ni nyingi, lakini sote twangoja unga mmoja. Kwa hiyo mashine ikinyamaza, si habari ya mwenye mashine peke yake.

Nakumbuka vizuri siku moja nilipokuwa darasa la sita. Mashine ya mtaani kwetu ilikuwa na injini ya dizeli ya pistoni moja, imefungwa juu ya msingi wa saruji kwa bolti nne. Kwa muda wa miezi kadhaa tulikuwa tumeona ufa katika saruji ukirefuka. Mabati ya paa yalilia, na bakuli la kupimia lilitembea lenyewe juu ya meza hata likaanguka. Sisi watoto tulicheka. Basi adhuhuri moja bolti mbili zilikatika kwa pamoja. Injini iliruka, mkanda ukachomoka ukapita juu ya vichwa vya akina mama waliokuwa wameketi wakingoja zamu. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia, walakini mkanda ule uligonga ukuta wa udongo ukatoboa tundu la kuingia mkono.

Siku tisa mashine haikufanya kazi. Waliokuwa na fedha ya pikipiki walipeleka mahindi mbali. Wasiokuwa nayo walichemsha punje na kula hivyo hivyo. Mwenye mashine akaita mwashi, akaongeza saruji, akanunua bolti nene zaidi. Baada ya wiki tatu zikakatika tena.

Ndipo alipoitwa mzee mmoja fundi kutoka Mbarara. Sisi tulidhani atatazama bolti. Hakuzitazama. Aliagiza injini iwashwe, akaweka kiganja juu yake, kisha akatoa chombo cha kupimia mwendo akakigusisha kwenye ncha ya kranki. Akasoma, akauliza, "Nani aliyeongeza mwendo?"

Mwenye mashine akajibu, "Mimi, Mzee. Foleni ilikuwa ndefu, nikakaza springi ya gavana ili isage upesi."

Mzee akasema, "Injini hii imetengenezwa kwa mizunguko 650 kwa dakika. Wewe waizungusha 800. Bolti hazina kosa lolote."

Maneno hayo yalinikaa moyoni mpaka nilipofika sekondari na kufundishwa fizikia. Leo nafanya kazi katika gereji mjini Mbarara, na likizo iliyopita vijana wawili wa shule yetu walinijia wakaniuliza sababu ya injini kutikisika. Niliwaahidi kuandika katika gazeti letu, na ahadi ni deni.

NINI HASA KINACHOTIKISA?

Wengi hudhani kwamba injini hutikiswa na mlipuko wa mafuta ndani ya silinda. Sivyo. Mafuta yanapowaka, moshi husukuma pistoni chini, lakini husukuma kichwa cha silinda juu kwa nguvu ile ile. Pistoni na kichwa vyote vimo ndani ya mwili mmoja wa injini, kwa hiyo nguvu hizo mbili hushindana humo humo. Kinachobaki nje ni msokoto tu, yaani injini hutaka kupinduka kwa upande mwingine kila inapozungusha kranki. Msokoto huo upo, lakini si ndio uliokata bolti zetu.

Mkosaji ni uzito wa pistoni yenyewe. Kila kitu kilicho katika mwendo hupenda kuendelea na mwendo wake. Pistoni hupanda mbio, ikifika juu husimama, hugeuka, hushuka mbio, ikifika chini husimama tena. Sharti kuwe na kitu cha kuizuia na kuigeuza, na kitu hicho ni fimbo ya kuunganisha, ambayo mafundi huiita konrodi. Konrodi huvuta pistoni, nayo pistoni huvuta konrodi. Newton alitufundisha kwamba hakuna kusukuma bila kusukumwa. Mvuto huo hupita kwenye kranki, ukaingia katika mwili wa injini, na kutoka hapo ukaenda katika bolti.

Tufanye hesabu. Tuseme pistoni pamoja na vile vinavyopanda na kushuka nayo ni kilo 3. Tuseme mkono wa kranki ni sentimita 7, yaani pistoni husafiri sentimita 14. Kanuni ni hii: zidisha uzito kwa urefu wa mkono, kisha zidisha kwa mwendo wa kuzunguka mara mwendo huo huo. Kwa mizunguko 650 kwa dakika tutapata nguvu ya nyutoni 970 hivi, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 97. Basi fikiri kwamba mtu amechukua karibu gunia zima la mahindi, analitupa juu na kulivuta chini mara kumi na moja kila sekunde, kutwa nzima. Hilo ndilo jambo linalofanyika juu ya bolti nne.

Sasa angalia sehemu ya kanuni isemayo "mwendo mara mwendo." Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu huwa mara nne. Mwenye mashine wetu alitoka 650 akaenda 800. Mwendo ulipanda kwa chini ya robo, lakini nguvu ya kutikisa ilipanda kwa nusu nzima, kutoka kilo 97 hata karibu kilo 150. Aliongeza nusu gunia juu ya kila bamizo bila kujua.

GURUDUMU ZITO HALITOSHI

Labda mtu atauliza: je, yale magurudumu mazito ya chuma yaliyo ubavuni mwa injini, hayakuwekwa ili kutuliza? Ndiyo, lakini yatuliza jambo jingine. Gurudumu hutunza mwendo wa kuzunguka usipungue kati ya mlipuko na mlipuko. Haliwezi kuzuia kupanda na kushuka.

Kuna dawa nyingine, nayo ni kuweka uzito upande wa pili wa kranki, ili pistoni ikipanda uzito huo ushuke. Dawa hii hufaa, lakini ina kasoro. Pistoni hupanda na kushuka tu, na uzito wa kranki huzunguka. Ukifika juu na chini huishinda pistoni, lakini ukifika ubavuni hauna wa kushindana naye, nao huvuta injini kushoto na kulia. Ukiweka uzito wa kumaliza kabisa mtikisiko wa juu na chini, utakuwa umeuhamisha wote uwe wa kando. Ndiyo sababu watengenezaji aghalabu huweka uzito wa kufuta nusu tu, na nusu iliyobaki huachiwa bolti na saruji. Katika injini ya pistoni moja uzito wa kranki peke yake hauwezi kufanya zaidi ya hapo.

MTUMBWI WA ZIWANI

Ili kuelewa dawa iliyo bora, twende ziwani Nakivale. Simama katika ncha moja ya mtumbwi usiofungwa, kisha tembea upesi mpaka ncha ya pili. Utaona mtumbwi unakwenda kinyume chako. Ukirudi, nao unarudi. Wewe ni pistoni, mtumbwi ni mwili wa injini.

Sasa waingie watu wawili wenye uzito sawa. Wasimame katikati, wakipeana mgongo, kisha watembee kwa mwendo mmoja, huyu kwenda tezi na huyu kwenda omo. Mtumbwi hautasogea hata kidogo. Wakirudi kukutana katikati, bado umetulia. Kila mmoja amefuta msukumo wa mwenzake.

Mafundi wa Ujerumani walilitumia wazo hili katika miaka ya 1890, Oechelhäuser na Junkers walipotengeneza injini ya gesi yenye pistoni mbili katika silinda moja. Silinda hiyo haina kichwa. Pistoni mbili hutazamana. Hukaribiana, hewa hubanwa katikati yao, mafuta huwaka, nazo hutupwa mbali, kila moja upande wake. Pistoni zikiwa na uzito sawa na mwendo sawa, hakuna gunia linalotupwa juu ya bolti, maana magunia ni mawili na hutupwa pande mbili kwa wakati mmoja. Kadhalika kwa kuwa hakuna kichwa, joto linalopotea ni kidogo.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani upesi. Kwa sababu konrodi hulala upande kranki inapozunguka, pistoni hugeuka kwa nguvu zaidi ikiwa juu kuliko ikiwa chini. Tofauti hiyo huleta mtikisiko wa pili, ulio mdogo na wenye kasi maradufu. Katika injini za kawaida za motokaa, zenye silinda nne kwa mstari, mtikisiko wa kwanza hufutika lakini huu wa pili hujumlika. Frederick Lanchester, Mwingereza, alibuni vyuma viwili vya kuzunguka kinyume ili kuufuta, na motokaa nyingi hutumia ubunifu huo hata leo. Pistoni zinazotazamana hazihitaji vyuma hivyo, maana hugeuka zote mbili kwa namna moja na wakati mmoja, basi hata huo mtikisiko wa pili hufutana.

MAMBO MATATU YA KUANGALIA

Lakini si kila mtumbwi wenye watu wawili hutulia. Yako mambo matatu.

La kwanza, watu wakiwa na uzito usio sawa. Mmoja akiwa na kilo 90 na mwenzake kilo 60, wafanyeje? Mzito na atembee hatua mbili wakati mwepesi anatembea tatu. Tisini mara mbili ni 180, na sitini mara tatu ni 180, mtumbwi hausogei. Hiyo ndiyo siri ya injini kubwa za meli za Doxford, zilizotengenezwa Sunderland, Uingereza. Meli yao ya kwanza ya injini za namna hii ilikuwa Yngaren ya mwaka 1921, na kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1980. Katika injini hizo pistoni ya juu ilibeba boriti na fimbo ndefu za pembeni zilizoshuka hadi kwenye kranki ile ile ya pistoni ya chini. Kwa hiyo upande wa juu ulikuwa mzito zaidi. Mafundi hawakujaribu kuupunguza uzito huo. Katika injini zao za baadaye walifupisha safari ya pistoni ya juu, wakarefusha ya chini, hata uzito mara safari ukalingana.

La pili, mmoja akitangulia. Injini nyingi za pistoni zinazotazamana ni za mapigo mawili. Pistoni moja hufungua matundu ya kutolea moshi, nyingine hufungua matundu ya kuingizia hewa. Yafaa moshi uanze kutoka kabla hewa haijaingia, ndiyo maana pistoni ya moshi hutangulizwa kidogo. Katika injini za Fairbanks-Morse za Marekani, zilizoendesha nyambizi nyingi katika Vita Kuu ya Pili, kranki ya chini hutangulia ile ya juu kwa digrii 12. Ni kidogo, lakini mtumbwi huhisi. Hesabu yaonyesha kwamba kwa digrii 12 hubaki kama sehemu moja ya tano ya nguvu ya pistoni moja bila kufutwa. Kwa pistoni zetu za kilo 3, badala ya sifuri tungebaki na kilo 20 hivi. Ndiyo bei ya kupumua vizuri. Silinda zikiwa nyingi, mabaki hayo hupangwa yafutane kati ya silinda na silinda.

La tatu, watu wawili wasipokuwa katika mstari mmoja. Mmoja akitembea ubavu wa kushoto kwenda mbele na mwingine ubavu wa kulia kwenda nyuma, mtumbwi hautakwenda mbele wala nyuma, lakini utageuza pua yake. Hili latuleta kwenye motokaa za barabarani kwetu.

SUBARU NA PIKIPIKI IITWAYO BOXER

Vijana wale wawili walinipinga. Walisema, "Mbona Subaru nazo zina pistoni zinazopingana?" Ni kweli, lakini si jambo moja. Katika Subaru, na katika Volkswagen ya zamani yenye mgongo wa kobe, pistoni hulala pande mbili za kranki zikipeana mgongo. Kila moja ina silinda yake na kichwa chake. Jozi hutoka nje pamoja na kurudi pamoja kama mabondia wanaogonganisha glavu, ndiyo sababu zikaitwa boxer. Mjerumani Karl Benz ndiye aliyeanza kuzitengeneza miaka ya 1890. Nguvu zao hufutana vizuri, lakini silinda za kushoto na za kulia haziwezi kukaa katika mstari mmoja kamili, kwa kuwa kila konrodi yahitaji nafasi yake juu ya kranki. Hapo hubaki kule kugeuza pua kwa mtumbwi, japo kidogo. Pistoni mbili zinazotazamana ndani ya silinda moja ziko katika mstari mmoja kabisa.

Hata hivyo mpango huo umesifika sana Afrika Mashariki. Yale mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen iliyashinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Na Subaru iliyashinda mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns.

Na ile pikipiki iitwayo Boxer, inayobeba abiria kila pembe ya Mbarara na Nakivale? Jina lisikudanganye. Ina pistoni moja tu. Tuseme pistoni ya pikipiki yoyote ndogo ni gramu 200 na mkono wa kranki sentimita mbili na nusu. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika nguvu yake ni sawa na kilo 200, yaani magunia mawili kutoka pistoni inayoenea kiganjani. Sasa wajua kwa nini vidole vya dereva hufa ganzi jioni.

MBONA HATUNAZO KWENYE MASHINE ZA KUSAGA?

Ikiwa pistoni zinazotazamana ni nzuri hivyo, kwa nini hatuzioni Nakivale? Kwa sababu zahitaji kranki mbili zilizounganishwa kwa gia, au kranki moja yenye mikono mirefu kama ile ya lori la Commer la mwaka 1954, lililokuwa na silinda tatu na pistoni sita. Zahitaji pia kipuliza cha kusukuma hewa, na pistoni iliyo upande wa moshi hupata joto kali. Vipuri ni vingi, na fundi wa kijijini hawezi kuifungua kwa spana tatu. Injini ya pistoni moja hutikisika, lakini kila fundi aijua, na kipuri chake hupatikana dukani Mbarara siku hiyo hiyo. Mwenye kusaga kwa shilingi chache huchagua kile anachoweza kukitengeneza, wala hakosei.

Lakini akichagua pistoni moja, basi na aiheshimu. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio na mashine, nawaomba mkumbuke haya.

Kwanza, msiguse springi ya gavana. Mkitaka kinu kizunguke upesi, badilisheni puli kwa kipimo cha fundi, na injini ibaki katika mwendo wake.

Pili, msingi wa saruji uwe mzito mara kadhaa kuliko injini, umwagwe kwa siku moja na kuachwa ukomae. Msingi hauondoi nguvu. Lakini nguvu ile ile hukisogeza kitu kizito kwa kiasi kidogo. Saruji mpya iliyopakwa juu ya ufa wa zamani ni kitambaa juu ya jeraha.

Tatu, mkibadilisha pistoni, ipimeni ile ya zamani na mpya kwenye mizani ya duka. Kama ni injini ya silinda nne, pimeni zote nne zilingane.

Nne, mabati yakianza kulia kwa mwendo fulani tu na kunyamaza mwendo ukibadilika, maana yake mtikisiko wa injini umekutana na mtikisiko wa asili wa paa. Paa laweza kufungua misumari yake lenyewe. Kazeni mapema.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote: wekeni kinga ya mbao au wavu juu ya mkanda, na watu wakae upande usio na mkanda.

Mzee yule fundi alirudisha gavana kwenye 650, akavunja msingi wote, akaumwaga upya. Mashine ikasaga polepole kuliko ilivyozoea, na foleni ikawa ndefu. Watu wengine walinung'unika. Lakini bakuli la kupimia lilikaa mahali pake juu ya meza, na mpaka nilipoondoka kwenda kusoma Mbarara sikuona tena bolti iliyokatika.

Wenu katika kazi,
Mwanafunzi wa zamani, Mbarara